Kupoza na Kutunza Nyamapori Baada ya Uwindaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kiangazi, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, kuna nyama inayooza kwenye pikapu ikiwa njiani kutoka Rungwa au Moyowosi. Mnyama ameuawa kihalali, kibali kimelipiwa, watu wameteseka na mbung'o kutwa nzima, kisha paja zima linatupwa kwa sababu limenuka mfupani. Hilo linauma, na karibu kila mara lingeweza kuzuilika ndani ya saa mbili za kwanza. Majibu haya ni kwa wawindaji wenyeji wenye vibali, wachunaji na wapishi wa kambini, na yeyote anayepokea nyama hiyo nyumbani. Yamezingatia mazingira ya Tanzania: jua kali, vumbi, na barafu iliyo mwendo wa saa nyingi.

Mnyama amekufa sasa hivi. Nyama itaharibikaje haraka hivyo?

Adui wa kwanza ni joto la mnyama mwenyewe, jua linafuata baadaye. Swala au nyati aliye hai ana joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39. Akianguka, moyo husimama lakini joto halina pa kutokea. Ngozi hulizuia, misuli minene ya paja hulihifadhi, na tumboni majani yaliyoliwa asubuhi huendelea kuchachuka na kutoa joto jingine pamoja na gesi. Bakteria wa uozo na wa magonjwa hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na katika joto kama la mwili baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja baada ya saa 4 anaweza kuwa zaidi ya 4,000.

Ndiyo maana anayepiga picha na mnyama kwa saa nzima kabla ya kumpasua ameshaanza kupoteza nyama. Piga picha zako, lakini kisu kiwe tayari.

Nina muda gani tangu risasi ilipopigwa?

Utumbo utoke ndani ya nusu saa. Ukichelewa kwa sababu ya kufuata nyayo, saa moja ndiyo mwisho wa kujipa moyo. Risasi ikiwa imepita tumboni, usihesabu hata nusu saa, fungua papo hapo.

Baada ya hapo kazi ni kushusha joto la ndani kabisa ya nyama, lile la karibu na mfupa wa nyonga. Kanuni za Umoja wa Ulaya za nyamapori hutaka wanyama wakubwa wapozwe hadi nyuzi 7 au chini yake, na wadogo hadi nyuzi 4. Porini bila chumba cha baridi huwezi kufika huko siku ileile, ila lengo libaki hilo, na kila hatua ikusogeze karibu nalo. Kipimajoto cha nyama chenye sindano si ghali na kina faida kuliko kubahatisha kwa kiganja: ngozi ya nje inaweza kuwa baridi huku paja likiwaka kwa ndani.

Mnyama alijeruhiwa, akakimbia mbali kabla ya kufa. Nyama yake ina tofauti?

Ina tofauti kubwa. Misuli ya mnyama aliyekufa kwa utulivu huwa na akiba ya sukari, nayo baada ya kifo hugeuka kuwa asidi. Asidi hiyo hushusha pH ya nyama (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.8, na hapo bakteria hupata shida kuzaana. Mnyama aliyekimbizwa na kuhangaika ameimaliza akiba hiyo akiwa hai. Nyama yake hubaki na pH ya juu ya 6. Utaiona nyeusi, ngumu, na inanata mkononi.

Haifai kuning'inizwa siku kadhaa ili ilainike, wala isiwekewe matumaini ya safari ndefu. Ipikwe mapema. Na kwa kuwa chanzo chake ni risasi mbaya, dawa yake ya kweli ni kuacha kupiga pale ambapo huna uhakika. Mnyama anastahili kifo cha haraka hata kama nyama isingekuwa na maana yoyote.

Na kuchinja? Asipochinjwa si kibudu?

Kwa Waislamu wengi suala hili ni la kwanza kabla hata ya barafu. Msimamo unaofahamika sana katika fikihi ni kwamba mwindaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapopiga. Mnyama akifa kwa jeraha la silaha kabla hajafikiwa, ni halali, na akikutwa angali hai, lazima achinjwe. Yako maelezo zaidi kuhusu aina ya silaha na mnyama aliyepotea machoni, na hayo muulize shehe wako kabla ya safari. Nguruwe pori na ngiri hawamo kabisa katika mjadala huu.

Kwa upande wa nyama yenyewe, kumchinja mnyama ambaye moyo umeshasimama hutoa damu kidogo tu. Aliyepigwa kifuani tayari amevujia ndani. Damu hiyo utaitoa utakapofungua kifua, na usiiache, kwa maana ni chakula kizuri mno cha bakteria.

Nipasue vipi bila kuchafua nyama?

Hapa ndipo ufundi ulipo, na ndipo nyama nyingi hupotea.

Mlaze mnyama kwenye majani au matawi mabichi, kichwa kikiwa juu kidogo kuliko makalio, na asilale kwenye mchanga mtupu. Anza kwa kukata ngozi peke yake, kutoka kidarini hadi kati ya mapaja. Kisha toboa ukuta wa tumbo tundu dogo, ingiza vidole viwili, inua ukuta huo, na upitishe kisu katikati ya vidole makali yakitazama juu. Kisu kinachotazama chini kitakutana na utumbo, na hapo harufu itakueleza kilichotokea.

Zungushia kisu sehemu ya haja, vuta kidogo nje, kisha uifunge kwa kamba. Fanya vivyo hivyo kwa umio, karibu na shingo: funga halafu kata. Mafundo hayo mawili yanazuia kinyesi na majani ya tumboni kumwagikia nyama. Kibofu cha mkojo kishike kwa kukibana shingoni mwake. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, vuta koromeo na mapafu, na kila kitu kitoke kwa pamoja. Nyongo iondolewe kwenye ini kwa uangalifu. Kumbuka tu kwamba baadhi ya wanyama, funo wakiwemo, hawana nyongo, usipoteze muda kuitafuta.

Baada ya hapo tanua mbavu kwa kijiti ili hewa ipite. Kwa nyati, fungua pia nyama ya ndani ya paja hadi karibu na mfupa wa nyonga, kwani eneo hilo ndilo la mwisho kupoa na la kwanza kuchacha.

Kisu cha kuchunia ngozi kisitumike kukata nyama bila kuoshwa. Manyoya yana vumbi, kupe na kinyesi. Mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ushike nyama, na usibadilishe.

Utumbo umepasuka. Nioshe kwa maji?

Usimwagie mzoga mzima maji. Yatasambaza uchafu mahali ambapo haukuwepo, na nyama iliyolowa huharibika haraka kuliko iliyokauka. Maji ya lambo au mtoni ni mabaya zaidi, kwa kuwa wanyama hunywa na kujisaidia humohumo. Kata na utupe sehemu iliyochafuka, unene wa kidole au zaidi. Kama kuna damu au uchafu mdogo ndani ya kifua, tumia maji safi ya kunywa kidogo, kisha futa kwa kitambaa safi mpaka pakauke.

Na eneo la jeraha la risasi likatwe kwa upana wa kiganja pande zote. Risasi iliyotengenezwa kwa madini laini ya risasi (lead) hugawanyika vipande vidogo visivyoonekana, na madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Usimpe mbwa vipande hivyo, vifukie.

Nichune palepale au nifike kambini kwanza?

Katika joto letu ngozi itoke mapema. Kuna wanaotetea kubakiza ngozi ili izuie vumbi na nzi, na wana hoja kama mnyama ni mdogo, kambi iko karibu na ni alfajiri ya Julai yenye ubaridi. Kwa nyati, pofu au nyumbu mchana wa Oktoba, ngozi ni blanketi. Kata mzoga vipande vinne, chuna, na funika kila kipande kwa kitambaa.

Angalia tu masharti ya kibali chako na maelekezo ya askari wa wanyamapori aliye nawe kuhusu viungo vinavyopaswa kubaki kama ushahidi wa aina na jinsia ya mnyama.

Sina barafu kabisa. Nafanyaje?

Una kivuli, upepo na usiku, na vitatu hivyo vikitumiwa vizuri vinafanya kazi kubwa. Ning'iniza vipande kwenye mti wenye kivuli cha kweli, visigusane, kila kimoja kipate hewa pande zote. Kivuli huhama, kwa hiyo mtu mmoja apewe jukumu la kukifuata. Vipande vinene vikatwe viwe vyembamba, kwani nyama yenye unene wa kiganja hupoa kwa muda mfupi sana ikilinganishwa na paja zima. Nyama ikishatengeneza ngozi kavu ya nje imepata ulinzi wake wa kwanza. Usiifunge kwenye nailoni wala kiroba ikiwa ya moto. Nailoni huhifadhi joto na unyevu, na kuoza kunaanzia hapo.

Unaweza pia kuning'iniza magunia yaliyolowa upande wa upepo, yasiguse nyama. Upepo ukipita kwenye gunia bichi hupoa, na kiangazi chetu kikavu kinasaidia sana. Usiku ukiingia, toa vitambaa vinavyobana, acha baridi ya Juni hadi Agosti ifanye kazi. Kabla jua halijachomoza, funga nyama iliyopoa kwa vitambaa vingi na turubai kavu juu yake, chini ya kivuli. Asubuhi blanketi linakuwa rafiki, kwa kuwa sasa linazuia joto lisiingie.

Iwe juu kuliko fisi anavyoweza kuruka, na moto uwake karibu. Chui hupanda, kwa hiyo usitegemee urefu peke yake.

Nibebe barafu kiasi gani?

Kwa hesabu ya fizikia, kupoza kilo 60 za nyama kutoka nyuzi 38 hadi 4 kunayeyusha takribani kilo 20 za barafu. Hiyo ni kama hakuna joto linaloingia kutoka nje, jambo ambalo halipo kwenye barabara ya vumbi. Beba angalau mara mbili yake, yaani kilo 2 za barafu kwa kila kilo 3 za nyama, na zaidi kama safari inapita siku moja. Swala pala dume ana uzito wa kilo 60 hivi akiwa mzima, na akishachunwa na kutolewa vya ndani hafiki kilo 40. Nyati dume hupita kilo 600, na kwake deli moja halitoshi kitu. Panga gari na barafu kwa mnyama uliyeombea kibali.

Tumia vibonge vikubwa au chupa za maji zilizogandishwa, kwani vipande vidogo huyeyuka upesi. Nyama isilale ndani ya maji. Weka kichanja cha mbao au matawi safi ndani ya deli, chini ya nyama, na kizibo cha maji kiwe wazi. Usifungie nyama ya moto ndani ya deli ukalisahau: kwanza ipepee, halafu iingie barafuni, na deli lifunguliwe baada ya saa chache kuongezewa barafu.

Nzi?

Kitambaa cha marekani kilichofuliwa na kushonwa mfuko ndiyo silaha bora. Kinapitisha hewa na nzi hapiti. Kifunike nyama mara tu ngozi inapotoka, kwani mayai ya nzi katika joto yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Ukiona vijiyai vyeupe kwenye mikunjo, kata sehemu hiyo mara moja. Pilipili manga iliyopakwa juu ya nyama iliyokauka huwapunguza, moshi mwepesi pia. Dawa ya kuulia wadudu isikaribie nyama, hata kwenye kamba ya kuning'inizia.

Kwa nini nyama ya kuro hunuka?

Ngozi ya kuro ina mafuta yenye harufu kali. Mkono ukigusa manyoya kisha ukagusa nyama, harufu imeshahamia. Kuro aliyechunwa na mtu makini analika vizuri. Swala pala naye ana tezi kwenye miguu ya nyuma, chini ya vile vishungi vyeusi vya manyoya. Kata miguu juu ya hapo bila kuzishika. Madume wakati wa kupandana huwa na harufu zaidi, na hapo barafu haibadilishi kitu.

Ni dalili gani zinanitaka niache mnyama nilivyomkuta?

Damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, tumbo lililovimba haraka, na mwili usiokakamaa. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Usipasue, usichune, usihamishe. Ukimfungua, vimelea hupata hewa na kugeuka mbegu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi mno. Kupika hakukupi usalama, kwa sababu mbegu hizo hustahimili joto, na hatari huanza kwa aliyeshika kisu. Mwaka 2016 huko Selela, wilayani Monduli, kimeta kiliwapata wanyamapori, mifugo na watu kwa pamoja. Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori au daktari wa mifugo. Aliyegusa mzoga kisha akapata kipele kinachogeuka kidonda cheusi katikati kisichouma, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme aligusa mnyama. Kimeta hutibika kwa antibaotiki kikiwahiwa.

Mnyama aliyekonda akiwa peke yake, anayeyumba au asiyeogopa watu, usimpige kwa ajili ya nyama. Ndani ya nyati, kagua tezi za shingoni na za mapafu: uvimbe wenye usaha mkavu kama jibini huashiria kifua kikuu cha wanyama. Mzoga huo aonyeshwe mtaalamu kabla mtu hajala. Malengelenge yenye maji ndani ya misuli ni hatua ya minyoo ya tegu.

Anayepasua avae glavu, hasa akiwa na jeraha mkononi. Nasisitiza hili kwa sababu wachunaji wetu wengi hufanya kazi mikono mitupu, na bosi aliyenunua bunduki na risasi za bei kubwa hashindwi kuwanunulia glavu.

Kuna lolote la pekee kuhusu ngiri na nguruwe pori?

Mawili. Nyama yao inaweza kuwa na minyoo ya trikinela, hivyo iive hadi ndani kabisa, isibaki na wekundu, na isiliwe kama nyama ya kukausha isiyopikwa. Usitegemee friza kuua minyoo hiyo. La pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri huibeba bila kuugua, haimdhuru binadamu, lakini huangamiza nguruwe wa kufugwa. Mabaki, damu na maji ya kuoshea visu visifike bandani.

Maini, moyo na matumbo?

Huharibika kwanza. Weka mbali na nyama nyingine, yapoe upesi, yaliwe siku hiyo. Ini lenye madoa meupe, uvimbe au minyoo ndani ya mirija likatwe na kukaguliwa, na ukiwa na shaka, acha. Matumbo yaoshewe mbali na mahali pa nyama, na kwa visu vingine.

Ining'inie siku ngapi ili iwe laini?

Kama huna chumba cha baridi cha nyuzi 1 hadi 4, jibu ni kwamba isining'inie kwa ajili ya kulainika. Ukiwa nacho, swala hutosha siku 3 au 4, na nyati mzee anaweza kukaa wiki moja hadi siku 10.

Ila baridi ya ghafla nayo ina hasara. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla mwili haujamaliza kukakamaa, misuli hujikunja na nyama huwa ngumu, hasa ya wanyama wadogo. Kwa mchana wetu hatari hiyo ni ndogo. Inawapata wanaotupia swala mbichi ndani ya friza saa moja baada ya risasi. Acha mwili ukakamae kwanza.

Je, kuikausha?

Ng'onda na biltongi ni njia nzuri pale barafu inapokosekana, mradi nyama iwe safi tangu mwanzo. Chumvi haifufui nyama iliyoanza kuharibika. Ondoa mafuta yote, kwani hayakauki bali huchacha. Kata kwa kufuata nyuzi za nyama, unene wa sentimita 2, paka chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo pamoja na siki, kisha ning'iniza kivulini penye upepo na moshi mwembamba. Ikipoteza karibu nusu ya uzito wake, imekaribia. Masika si wakati wake.

Karatasi zinahusika vipi na utunzaji wa nyama?

Zinahusika moja kwa moja, kwa sababu nyama inayosubiri uhakiki kizuizini kwenye jua itaoza kama nyingine yoyote. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyamapori bila hati ni kosa zito. Kibali na hati zitembee na nyama, hata iliyokaushwa. Kuuza ni jambo jingine tena: kanuni za mwaka 2020 zimeweka utaratibu wa bucha za nyamapori zenye leseni, na kibali cha kuwinda hakikupi ruhusa ya kufungua biashara. Usivuke nayo kwenda Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977.

Nitajuaje imeharibika?

Nusa karibu na mfupa, siyo juu. Ingiza kisu hadi mfupa wa paja, kitoe, unuse ncha. Harufu ya uchachu au yai bovu, rangi ya kijani, utando unaonata: tupa sehemu hiyo na ukague iliyobaki kwa ukali. Weusi mkavu wa juu ni wa kawaida, ukate tu. Kuna wanaoficha harufu kwa ndimu na pilipili. Tafadhali usimpikie mtu hivyo. Baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria haziondoki hata nyama ikichemshwa.

Nyama imefika nyumbani na umeme hukatika. Friza ninaipangaje?

Nyama iingie ikiwa baridi tayari, katika mafungu ya mlo mmoja mmoja, bapa, yaliyotolewa hewa na kuandikwa tarehe. Usijaze friza mara moja: kilo nyingi za nyama vuguvugu hupandisha joto hata la nyama iliyoganda zamani. Gandisha kwa awamu, nyingine ikisubiri barafuni. Katika nyuzi -18 nyama isiyo na mafuta hukaa vizuri miezi 6 hadi 12.

Umeme ukikatika, usifungue. Friza iliyojaa hushikilia ubaridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu tu hushikilia kwa saa 24. Ziba nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani inaweza kurudishwa igande. Iliyolainika lakini ingali baridi kama ya friji, ipike siku hiyohiyo. Iliyofika joto la chumba na kukaa zaidi ya saa mbili, itupwe.